Baiskeli katika barabara za Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa kila aina: muuza madafu wa Mwenge, mama wa Kigogo ambaye mwanawe ameanza kwenda shule kwa baiskeli, dereva wa lori, kijana aliyechoshwa na foleni na nauli akanunua baiskeli ya mtumba Kariakoo. Mimi huenda kazini kwa baiskeli, Tabata hadi mjini na kurudi. Kila mtu akigongwa, nasikia watu wakisema ni bahati mbaya, na neno hilo linaniuma. Ukiuliza vizuri utakuta kuna mtu alikuwa na haraka, au hakutazama kioo, au alilazimisha gari pasipo na nafasi. Ajali za namna hiyo zinazuilika.

Baiskeli inaruhusiwa barabara kuu, au ni ya kupita pembeni tu?

Inaruhusiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inaihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri. Kwa hiyo haki ya kutumia barabara unayo, na wajibu pia unao: mataa yakiwa mekundu unasimama, barabara ya njia moja huiingii kinyume, kwenye kivuko unampisha anayevuka kwa miguu. Palipojengwa njia ya baiskeli, pita huko. Pasipokuwa nayo, dereva anayekupigia honi na kukuambia "toka barabarani" anadai kitu ambacho si chake.

Nikae upande gani hasa?

Kushoto, ila usijibane ukingoni kabisa. Ukingo wa barabara zetu una mchanga, vioo vya chupa, nati zilizodondoka kwenye malori, na mahali pengi lami imekatika ghafla na kuacha ngazi ya kumwangusha mtu. Tena kuna mitaro isiyo na mifuniko. Ukijibana huko huna pa kukimbilia gari likikusogelea, na dereva wa nyuma anaona kama umemwachia nafasi ya kupita wakati nafasi haipo. Acha kama hatua moja kubwa kati yako na ukingo. Halafu nyoosha: usiingie kwenye upenyo kila unapokuta gari limeegeshwa na kutoka tena mbele yake, kwa sababu ule wakati wa kutoka ndio dereva hakutegemei.

Mahali ambapo barabara ni nyembamba kiasi kwamba gari na baiskeli haviwezi kwenda sambamba, kaa katikati ya njia yako mpaka ipanuke. Watapiga honi. Heri honi.

Niendeshe nikitazamana na magari ili niyaone yanavyokuja?

Hapana. Wanaokwenda kwa miguu hushauriwa hivyo, lakini baiskeli ina mwendo. Gari likija kwa kilomita 50 kwa saa na wewe ukaja kwa 15, mnakutana kwa kasi ya 65. Na dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kubwa akikata kushoto hutazama kulia kwake, magari yanakotokea. Wewe unatokea kushoto, hana habari nawe.

Ni ajali zipi zinazojirudia sana?

Ukiwauliza wanaoendesha kila siku, na mafundi wanaoletewa rimu zilizopinda, utasikia visa vile vile.

Cha kwanza ni gari kukupita halafu likakata kushoto hapo hapo mbele yako. Dereva alikuona, akakupita, akakusahau, na hakuwasha indiketa au aliiwasha akiwa tayari amegeuza usukani.

Cha pili ni daladala. Mnakwenda vizuri, abiria anaita "shusha!", konda anagonga bodi, dereva anachomekea kituoni na wewe uko ubavuni kwake. Anayeumia mara nyingi ni yule aliyekuwa akijaribu kupita kati ya daladala na kituo. Ukiona daladala limepunguza mwendo karibu na kituo, kaa nyuma yake. Ukitaka kulipita, tazama nyuma kwanza, kisha pita kulia ukiacha nafasi ya kutosha. Kushoto kwake kuna mlango, na mlango una watu wanaoruka kabla gari halijasimama.

Cha tatu ni mlango wa gari lililoegeshwa. Mtu anafungua bila kutazama kioo, na ncha ya mlango inakupata mkononi au kifuani. Kinachoua zaidi ni kule kuangukia upande wa kulia, kwenye magari yanayopita. Ukipita kando ya magari yaliyoegeshwa mitaa ya Kariakoo au Posta, acha nafasi ya mlango mzima uliofunguliwa, na chungulia ndani: ukiona kichwa kwenye kiti cha dereva, hesabu kwamba mlango utafunguka.

Kisha kuna kutanua. Foleni ikishakuwa ndefu, gari linatoka kwenye mstari na kupita pembezoni, kule kule tunakopita sisi na wanaokwenda kwa miguu. Hili halina udhuru. Anayetanua anajua anachokifanya, na anajua kwamba atakayelazimika kuruka mtaroni ni yule asiye na bati la kumkinga. Bodaboda wanaokuja kinyume kwenye pembezo hiyo hiyo waingizwe kundi hili.

Lori limesimama kwenye mataa. Nipite kushoto kwake nikasimame mbele?

Usipite. Kama kuna jibu moja la kushika katika ukurasa huu wote, shika hili.

Barabara ya Mandela ndiyo njia ya makontena kati ya bandari na Ubungo, na pale Buguruni au TAZARA asubuhi unakuta malori yamepangana huku baiskeli zikipenya kushoto kwao. Magari yetu yana usukani kulia. Dereva wa lori amekaa juu, kulia, na chini ya dirisha la kushoto kuna eneo ambalo macho yake hayafiki na kioo hakilioni lote. Mtu na baiskeli yake wanaenea humo bila kuonekana hata kofia.

Sasa mataa yanawaka kijani na lori linakata kushoto. Magurudumu ya mbele yanapita mbali na wewe, unaona salama. Lakini ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele; yanakata kona kwa ndani. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 na zaidi, kwa hiyo trela lake linafagia kona nzima mpaka kwenye ukingo. Nafasi uliyokuwa nayo inafungwa taratibu, na wewe uko kati ya trela na chuma cha pembeni mwa barabara. Na kwa kuwa dereva anayekata kona huanza kwa kuupeleka usukani kulia ili apate nafasi, unaweza kudhani anakwenda moja kwa moja.

Simama nyuma ya lori, mahali unapoweza kuona uso wa dereva kwenye kioo chake. Kama huoni uso wake, naye hakuoni. Na kama wewe ulitangulia na lori limekuja kusimama ubavuni kwako, shuka, panda na baiskeli kwenye njia ya wapita kwa miguu, liache liende. Utapoteza dakika moja.

Mimi ni dereva wa lori. Nifanye nini zaidi ya kutazama vioo?

Shukrani kwa kuuliza. Washa indiketa mapema, kabla hujafika kwenye kona. Kama una utingo, mwambie achungulie kushoto kabla hujakata, na akwambie kwa sauti. Kata taratibu. Kuna vioo vidogo vya mbinuko vinavyofungwa juu ya mlango wa kushoto na kutazama chini. Bei yake haifiki hata bei ya tairi moja. Mwombe tajiri wako akufungie.

Nimpite mwendesha baiskeli kwa umbali gani?

Mita moja na nusu ni kipimo kizuri. Ujerumani waliiandika kwenye sheria mwaka 2020 kwa maeneo ya mjini, na nje ya mji ni mita 2. Ufaransa ni mita 1 mjini na moja na nusu nje ya mji. Sababu yake inaeleweka hata bila sheria: mtu aliye juu ya baiskeli hawezi kwenda kama reli. Akikwepa shimo anahama nusu mita, na upepo wa basi linalopita kwa kasi unamvuta.

Kama huwezi kumwachia nafasi hiyo kwa sababu upande wa pili kuna gari linakuja, usimpite kwa sasa. Kaa nyuma yake. Na honi usiipige ukiwa mgongoni kwake: mtu akishtuka huyumba, na atayumbia upande wako. Ukishampita, hakikisha umemwona kwenye kioo kabla ya kurudi kushoto.

Kwa nini mnalalamikia mwendo? Foleni ya Dar haikimbizi mtu.

Foleni ikiisha wanakimbia kufidia. Mtu aliyetoka Mwenge kwa kutambaa akipata nafasi Barabara ya Ali Hassan Mwinyi anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Mwendo wa juu kabisa kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo inayompita dereva kati ya kukuona na kuikanyaga breki. Ongeza umbali wa breki zenyewe, unapata kama mita 28 kwenye lami kavu. Kwa kilomita 80 inakuwa karibu mita 58. Yaani gari la 50 likiwa limeshasimama, lile la 80 bado linakuja kwa kasi ya kuua. Na hapo tumehesabu dereva asiye na simu mkononi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni wanaokwenda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki.

Njia za baiskeli kando ya Mwendokasi ni salama?

Zilivyojengwa, ndiyo. Mradi huu wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni uliambatana na njia za pembeni Barabara ya Morogoro, na palipo wazi utaendesha kwa raha ambayo huipati kwingine mjini. Shida ni kile kilichowekwa juu yake: magari yaliyoegeshwa, meza za biashara, bajaji zinazosubiri abiria, pikipiki zinazokwepa foleni. Simlaumu mama anayeuza matunda kama ninavyomlaumu mwenye gari aliyeegesha hapo akaenda kunywa chai, kwa sababu yule mama hana pengine na huyu anapo. Ila kwako wewe hatari ni moja: ukikuta njia imezibwa, usirukie barabarani bila kutazama. Simama, tazama nyuma, ndipo utoke.

UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, umekuwa ukidai njia hizi kwa miaka mingi. Tunapoziacha zigeuke maegesho, tunarudi nyuma.

Nikipita kwenye njia yenyewe ya mabasi ya Mwendokasi je? Mara nyingi iko tupu.

Hairuhusiwi, na utupu wake unadanganya. Mabasi yanakuja kwa kasi pande zote mbili na dereva hana pa kukukwepea.

Kwenye madaraja ya juu nipite juu au chini?

Chini. Juu ya Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa 2018, magari ya Barabara ya Nyerere yanapita bila kusimama, na kupanda kwako kwa pedeli ni polepole mno kulinganisha nao. Chini kuna mataa; utasubiri, lakini kila mtu anasubiri. Ubungo, kwenye makutano ya Kijazi, hali ni hiyo hiyo, na ukiona imekuchanganya, shuka uvuke kwa miguu. Hakuna aibu.

Nabeba mzigo. Kuna cha ziada cha kuangalia?

Kuna kingi, na wabebaji ndio wanaosahaulika kila inapozungumzwa baiskeli. Muuza madafu ana lundo mbele na nyuma. Upana wake ni mara mbili ya ule anaoukadiria dereva. Mbeba maji ana madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji peke yake, na maji yanacheza ndani: ukifunga breki wewe, yenyewe bado yanakwenda. Muuza mayai na muuza mikate wana sanduku linaloziba kila kitu kilicho nyuma.

Funga mzigo kwa mpira wa tyubu uliokazwa, na ncha isining'inie karibu na spoki. Uzito mkubwa uwe chini, sawa pande zote. Breki za vyuma peke yake hazitoshi kwa mzigo huo, hasa zikilowa. Mwambie fundi akubadilishie mipira ya breki kabla haijaisha, si baada ya kusikia chuma kikikwaruza rimu. Kwenye kilima, shuka usukume. Funga kitambaa cha rangi kali au rifrekta kwenye ncha mbili za mzigo, kulia na kushoto, ili dereva aone unapoishia.

Na dereva: ukimwona mtu wa mzigo, mwache mbali zaidi. Yeye hawezi kukwepa.

Taa ni lazima? Barabara nyingi zina taa.

Lazima. Dar jua huzama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, na watu wa viwandani wa Chang'ombe na Vingunguti wanarudi nyumbani giza likiwa linaingia. Weka taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Dinamo ni nzuri lakini ukisimama inazima, kwa hiyo rifrekta nyekundu kwenye madigadi ya nyuma iwepo hata kama una dinamo. Vaa nguo ya rangi nyepesi. Shati jeusi kwenye giza, mbele ya dereva aliyemulikwa na gari linalokuja, halionekani kabisa.

Wakati wa masika je?

Usipite juu ya maji ambayo huoni chini yake. Dimbwi pale Jangwani au mtaani kwako linaweza kuwa limefunika mtaro ulioachwa wazi. Breki zikilowa, zibane kidogo kidogo mapema ili rimu ikauke. Mistari ya rangi barabarani na vyuma vinateleza.

Kofia ngumu inasaidia kweli?

Inasaidia kichwa. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba majeraha ya kichwa hupungua kwa karibu nusu kwa wanaovaa. Nunua, vaa, kaza ukanda chini ya kidevu. Lakini nisingependa kofia igeuzwe kuwa kesi: mtu amekanyagwa na lori, swali la kwanza linakuwa "alivaa kofia?" badala ya "dereva alitazama wapi?"

Mwanangu ana miaka minane, anataka kwenda shule kwa baiskeli.

Mitaa ya ndani, ukiwa naye, sawa. Barabara kubwa bado. Mtoto wa umri huo hajaweza kukadiria kasi ya gari linalokuja. Na baiskeli yake iwe ya kimo chake: miguu ifike chini akiwa ameketi, na breki aweze kuzibana kwa vidole vyake mwenyewe.

Waendesha baiskeli nao si wanavunja sheria?

Wapo, na nawaambia. Ila tofauti iko kwenye uzito. Kosa la mwendesha baiskeli kwa kawaida humuumiza mwenyewe. Kosa la mwenye tani 20 humuumiza mwingine. Anayeweza kuua ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Nimegongwa. Nifanye nini?

Ukiweza kusogea, toka barabarani. Usiinuke kwa haraka kwa kuona haya watu wamejaa; kama shingo au mgongo unauma, lala hivyo hivyo na mwombe mtu asimamishe magari. Piga 112.

Soma namba ya gari, au mtu aisome kwa sauti na mwingine aiandike. Namba za njano ni za magari binafsi, nyeupe ni za biashara. Kama ni daladala, kumbuka pia njia yake iliyoandikwa mbele na rangi ya mstari ubavuni. Piga picha ya gari lilipo kabla halijasogezwa, picha ya baiskeli, na ya barabara. Omba namba za simu za watu wawili walioshuhudia. Wengi watakwambia "mimi sikuona vizuri" kwa kuogopa kuitwa kituoni. Muuza duka au fundi wa pale pale huwa shahidi mzuri kwa kuwa kesho bado utamkuta.

Kisha kituo cha polisi, uchukue PF3, fomu ya polisi ya kupatiwa matibabu, uende nayo hospitali: Amana, Temeke, Mwananyamala, au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kama mifupa imevunjika. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza. Ndugu afuate PF3 nyuma.

Jambo ambalo limewaumiza wengi ni kumalizana. Dereva anashuka, anaomba radhi, anatoa noti mbili tatu "za dawa", umati unasema "msamehe, ndiyo barabara", unachukua unaondoka. Usiku kichwa kinaanza kuuma, au bandama imechanika na huna habari, na wewe huna namba ya gari, huna jalada, huna chochote. Msamehe ukitaka, moyo ni wako, lakini ripoti iandikwe.

Nitalipwa na nani?

Kila gari linalotembea barabarani ni lazima liwe na bima, angalau ile ya kumlinda mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ni wewe. Bima hiyo ipo kwa ajili ya kulipia kifo na madhara ya mwili yanayosababishwa na gari, na si hisani ya dereva. Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Kampuni itataka PF3, taarifa ya daktari, risiti za matibabu, ramani ya ajali na taarifa ya polisi. Tunza kila karatasi, hata risiti ya dawa ya shilingi elfu moja. Na dereva akitozwa faini na polisi, faini hiyo haifuti madai yako; hayo ni mambo mawili tofauti.

Dereva amekimbia na sikupata namba.

Ripoti hata hivyo. Taja rangi, aina ya gari, maandishi yoyote ya nyuma, na muelekeo. Daladala na malori ya hapa yana maandishi makubwa vioo vya nyuma, na watu huyakumbuka kuliko namba. Kisha zunguka na ndugu yako siku hiyo hiyo kwenye vituo vya mafuta na maduka yenye kamera kando ya barabara, muwaombe wasifute picha mpaka polisi wafike. Nyingi hujifuta baada ya siku chache.

Kuna shimo au mtaro wazi karibu na kwetu, watu wameshaanguka. Tumwambie nani?

Barabara kuu kama Morogoro, Mandela, Nyerere na Kilwa ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Usipojua, anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akiandika barua yenye muhuri na majina ya walioanguka, inasomwa. Eleza jina la barabara, kituo kilicho karibu, upande gani unapotoka mjini, na uambatanishe picha iliyopigwa mchana na kitu cha kuonyesha ukubwa, mfano tairi ya baiskeli iliyolazwa kando ya shimo. Wakati barua inazunguka, simamisheni pale tairi bovu lililopakwa chokaa, lionekane kwa taa za magari.